Namba ya Adhuhuri

Kabla ya kutuma kazi kwenye foleni ya kompyuta kuu ya chuo, huwa nafungua faili fupi la maelekezo. Humo naandika siku ya kuanzia, siku ya kumalizia, urefu wa kila hatua kwa sekunde, na F10.7, yaani nguvu ya mawimbi ya redio ya Jua yenye urefu wa sentimita 10.7. Programu yenyewe ni TIEGCM, inayokokotoa joto, upepo na ayoni katika hewa ya juu, kuanzia kimo cha kilomita 97 hivi. Wanafunzi wapya hustaajabia wingi wa prosesa. Mimi hustaajabia hiyo F10.7, maana ni kongwe kuliko kompyuta zote nilizowahi kugusa.

Aliyeanzisha upimaji huo ni Arthur Covington, karibu na Ottawa, Kanada, kwa vifaa vya rada vilivyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tangu 1947 Jua hupimwa kila siku, na kipimo kikuu ni cha adhuhuri. Siku hizi kazi hiyo hufanyika Penticton, magharibi mwa nchi. Mawimbi hayo hayaipashi hewa ya juu moto hata kidogo. Kinachoipasha ni mionzi mikali ya urujuanimno, ambayo haifiki ardhini kwa kuwa hewa yenyewe huimeza. Lakini viwili hivyo hupanda na kushuka pamoja, hivyo kupima kimoja ni kukijua kingine, kama anayesikia ngoma ya jirani akajua harusi imefika wapi bila kualikwa.

Hewa ikipata moto hutanuka na kuvivuta chini vyombo vinavyoizunguka Dunia. Kituo cha angani cha Skylab kilianguka Julai 1979, mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu Jua lilichachamaa.

Wakati huo Boulder, Colorado, kulikuwa na kompyuta kuu ya Cray-1 iliyofika 1977: umbo la herufi C, na viti vya kukalia vimeizunguka chini. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 8 hivi. Picha chache za simu yako zingeijaza. Mwaka 1981 wanasayansi wa hukohuko, Robert Dickinson, Cicely Ridley na Raymond Roble, walichapisha kielelezo chao cha themosfia, yaani hewa hiyo ya juu. Waliigawa Dunia kwa nyuzi 5, hivyo kwenye ikweta kisanduku kimoja kina upana wa kilomita 550 hivi: Mombasa na Nairobi zaweza kuenea humo. Mgawanyo huo bado upo kwenye programu ninayotumia. Ridley yumo pia miongoni mwa waandishi wa matoleo ya 1988 na 1992, na kwa maoni yangu hatajwi vya kutosha.

Lakini kielelezo bila vipimo ni hadithi tu, na baadhi ya vipimo vya mwanzo vilitokea kwetu. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Kenya, Waitalia wa Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2. Ili kuipima hewa ya juu kwa setilaiti hiyo, Broglio alibuni mizani ya ajabu: ganda jepesi nje, kiini kizito ndani, katikati mikono inayonepa. Hewa ilipolisukuma ganda, mikono ilinepa, na kunepa huko ndiko kulikopimwa. San Marco ya mwisho iliruka kutoka hapohapo Machi 1988, na kabla mwaka haujaisha hewa iliyotumwa kuipima ilikuwa imeshaiangusha.