Waogiek wa Mau: Miaka Tisini ya Kufukuzwa Msituni

Kila amri ya kuwaondoa Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali, katika Msitu wa Mau nchini Kenya imekuja na sababu yake. Zama za Waingereza ilisemekana kwamba ni wachache mno na wametawanyika mno kuweza kuwa na ardhi yao wenyewe. Baada ya uhuru wakaambiwa msitu ni mali ya serikali. Mwaka 2009 sababu ilikuwa maji ya mito. Novemba 2023, nyumba zao zilipobomolewa Sasimwani katika kaunti ya Narok, mazungumzo ya nchi nzima yalikuwa kuhusu tabianchi na upandaji miti. Ukiisoma amri moja peke yake, unaweza kuikubali. Ukizisoma zote kwa pamoja, unatambua kwamba sababu zimekuwa zikibadilika kufuatana na zama huku wanaofungashwa virago wakibaki kuwa wale wale.

Mau umekaa juu ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, hekta zipatazo 400,000 za milima inayokamata mvua na kuitoa polepole. Humo ndimo unamoanzia Mto Mara, ambao hupita katika mbuga ya Maasai Mara, ukavuka mpaka na kuingia Serengeti, kisha ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Humo pia ndimo unamotoka Mto Njoro unaolisha Ziwa Nakuru, Mto Sondu unaoelekea Viktoria, na Ewaso Ng'iro wa kusini unaofika hadi Ziwa Natron, Tanzania. Chai ya Kericho hutegemea ukungu na mvua za msitu huu, na nyumbu wanaovuka Mara mbele ya kamera za watalii hunywa maji yake. Kwa hiyo anayesema kwamba Mau ni lazima ulindwe anasema kweli, na Waogiek hawajawahi kulipinga hilo. Ugomvi ni juu ya nani aulinde, na akiwa amesimama wapi.

Maisha ya Waogiek yalijengwa juu ya asali. Kabla hata ya kuzungumzia uwindaji, ambao watu wa nje waliupa uzito zaidi, ni lazima kuielewa asali, kwa sababu ndiyo iliyogawa ardhi. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake, linaloitwa konoito. Eneo hilo lilikuwa ukanda mrefu unaopanda kutoka nyanda za chini, penye vichaka na joto, hadi juu kabisa penye mianzi na baridi. Ukanda ulipaswa kupanda hivyo kwa sababu miti haichanui yote kwa wakati mmoja: maua ya chini yanapokwisha, ya juu yanaanza, na nyuki hufuata maua. Familia nayo iliwafuata nyuki. Mzinga ulichongwa katika gogo, mara nyingi la mtarakwa, ambao hauozi upesi, ukapandishwa juu ya mti na kuachwa hapo miaka na miaka. Mtu angeweza kuwa na mizinga mingi iliyotapakaa mwinuko mzima, na kila mmoja katika ukoo alijua upi ni wa nani. Asali ililiwa, ilihifadhiwa kwa ajili ya miezi ya njaa, ilitengenezwa pombe ya sherehe, ilitolewa kama mahari, na ilibadilishwa kwa mifugo na nafaka za majirani Wamaasai na Wakipsigis.

Utaratibu huo una matokeo ambayo mwanamazingira yeyote angeyatamani. Mrina asali hana faida yoyote katika kuukata mti unaochanua, wala katika kuunguza kichaka. Anahitaji msitu wenye miti ya kila aina na ya kila umri, kuanzia chini hadi juu. Mpaka wa konoito haukuwekwa kwa ajili ya kuhifadhi mazingira, lakini ulihifadhi, kwa kuwa kila kipande cha msitu kilikuwa na mwenyewe anayekijua na anayeumia kikiharibika.

Dola ya kikoloni haikuliona hilo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imeshapita katika milima ya Mau, na treni zake ziliendeshwa kwa kuni. Walowezi walikaa Njoro na kandokando ya msitu, na wafanyabiashara wa mbao wakapewa vibali vikubwa vya kukata miti. Ewart Grogan ndiye aliyejulikana zaidi miongoni mwao. Mwaka 1932 serikali iliunda Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter ili kupima madai ya ardhi ya Waafrika. Ripoti ilitoka mwaka 1934. Wakati makabila mengine yalichorewa mipaka ya hifadhi zao, hata kama ilikuwa midogo na ya dhuluma, kuhusu Waogiek tume ilipendekeza waingizwe katika makabila jirani waliyokaribiana nayo zaidi, wamezwe humo. Hawakupewa hata eneo dogo. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo penye shina la mgogoro wote uliofuata. Aliyenyang'anywa ardhi iliyoandikwa anaweza kuidai kwa karatasi ile ile. Waogiek walinyimwa hata karatasi ya kunyang'anywa, na kila serikali iliyofuata imewaambia kwamba kwenye ramani hawapo.

Msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya serikali ya kikoloni, na sehemu kubwa za miti ya asili zikakatwa ili kupanda misonobari na misaipresi ya viwanda vya mbao. Nyuki hawana kazi na miti hiyo. Serikali huru ilirithi hifadhi hizo pamoja na sheria zake. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima, na Mwogiek aliyekuwa akiwinda kwa ajili ya chakula cha familia akawa jangili. Wengi wakaanza kulima viazi na mahindi, wakafuga ng'ombe na kondoo, wakapeleka watoto shuleni.

Kisha mabadiliko hayo hayo yakatumiwa dhidi yao. Mwaka 1999 Waogiek wa Tinet walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kupinga kufukuzwa. Uamuzi ulitoka Machi 2000, katika kesi inayojulikana kwa jina la Francis Kemai, na majaji walisema kwamba watu hawa hawaishi tena kama mababu zao, kwamba sasa wanalima na kufuga kama wengine, na kwa hiyo hawawezi kudai kwamba uhai wao unategemea msitu. Nimeusoma uamuzi huo zaidi ya mara moja, na bado unanishangaza. Mkulima wa Kinangop hapokonywi shamba kwa sababu ameacha jembe na kununua trekta. Mwogiek alitakiwa abaki vile vile alivyokuwa mwaka 1900, kisha haki yake ikahesabiwa kuwa imekwisha siku alipovaa gambuti.

Mwaka mmoja baada ya uamuzi huo, serikali yenyewe iliukatakata msitu. Mwaka 2001 ilitangaza kuondoa kwenye hifadhi maelfu kwa maelfu ya hekta za misitu ya nchi, na zaidi ya hekta 35,000 kati ya hizo zilikuwa za Mau Mashariki peke yake. Ilisemekana kwamba ardhi hiyo ni ya kuwapa makazi wasio na ardhi, Waogiek wakiwemo. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini Kenya, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa watu wenye madaraka na marafiki zao. Misumeno ikaingia Mau. Kikosi kazi kilichoundwa mwaka 2008 kiliripoti mwaka uliofuata kwamba takribani robo ya msitu ilikuwa imepotea katika muda wa miongo miwili hivi. Mito ikapungua, Mto Njoro ukawa unakauka misimu mingine, na Wakenya wengi wakashtuka kwa haki kabisa.

Mshtuko huo ndio uliozaa notisi ya Oktoba 2009: kila aliye msituni aondoke katika siku 30. Aliyekuwa na hati ya shamba kubwa aliyoipata kwa urafiki na wakubwa, na Mwogiek ambaye babu yake alitundika mizinga pale pale, wakaitwa kwa jina moja, wavamizi.

Safari hii Waogiek hawakuishia Nairobi. Asasi zilizosimama kwa niaba yao, shirika la Minority Rights Group likiwemo, zilipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mlango ulikuwa tayari umefunguliwa na Waendorois wa Ziwa Bogoria, ambao tume hiyo hiyo ilikuwa karibu kuwapa ushindi dhidi ya Kenya. Mwaka 2012 tume iliifikisha kesi ya Waogiek kwenye Mahakama ya Afrika mjini Arusha. Nyumbani nako kulikuwa na kesi nyingine ya Waogiek, iliyofunguliwa mwaka 1997. Ilisikilizwa na kuahirishwa na kuhamishwa hadi Machi 2014, miaka 17 baadaye, ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoamua kwamba kuwafukuza kwa nguvu kulikiuka haki yao ya kuishi.

Hukumu ya Arusha ilisomwa tarehe 26 Mei 2017. Juu ya haki ya kuishi, majaji hawakukubaliana na hoja ya tume iliyowasimamia Waogiek. Walisema kifungu cha haki hiyo kinalinda uhai wa mwili, na haikuthibitishwa kwamba kufukuzwa kuliua. Lakini katika vifungu vingine saba Kenya ilionekana kuwa imevunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, vikiwemo vya mali, dini, utamaduni, usawa na maendeleo. Kiini cha hukumu, kwa maoni yangu, kimo katika jambo moja la ushahidi. Serikali ilisema inawaondoa Waogiek ili kuunusuru msitu. Mahakama ikauliza: uthibitisho uko wapi kwamba Waogiek ndio wanaouharibu? Serikali haikuwa nao. Isitoshe, ripoti zilizoandaliwa na serikali yenyewe au kwa ushirikiano nayo zilionyesha kwamba visababishi vikuu ni uvamizi wa watu wengine, vipande vya msitu vilivyokatwa na serikali kwa ajili ya makazi, na vibali vya mbao vilivyotolewa ovyo. Tangu tume ya Carter, Waogiek ndio waliokuwa wakitakiwa kuthibitisha kwamba wapo. Sasa serikali ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha kwamba wanadhuru.

Kikosi kazi cha kutekeleza hukumu kiliundwa mwaka huo huo, kikaundwa upya mwaka 2018, na ripoti yake haikutangazwa. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ilirudi na hukumu ya fidia: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali, milioni 100 kwa maumivu ya jamii, na, lililo kubwa kuliko fedha, ardhi ya Waogiek ipimwe na itolewe hati miliki ya pamoja ndani ya miaka miwili.

Katika miaka hiyo miwili hasa ndipo lugha ya tabianchi ilipoingia kwa nguvu. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Septemba 2023 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Afrika wa Tabianchi, na soko la hewa ya ukaa lilizungumzwa humo kama utajiri mpya wa bara. Mwezi uliofuata Kenya ikatia saini makubaliano ya awali na kampuni ya Blue Carbon ya Dubai kuhusu miradi ya hewa ya ukaa. Mwanzoni mwa Novemba maofisa wa misitu na askari wanyamapori wakaingia Sasimwani, katika sehemu ya msitu iitwayo Maasai Mau. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, na mamia ya Waogiek wakabaki mvuani. Tarehe 13 ya mwezi huo huo ilikuwa siku ya mapumziko kitaifa, ili kila Mkenya apande miti.

Sisemi kwamba nyumba za Sasimwani zilichomwa ili kuuza hewa ya ukaa. Serikali ilisema inaokoa msitu ulioharibiwa. Ninachosema kinahitaji kusomwa ndani ya sheria. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, yaliyotiwa saini siku chache kabla ya mkutano wa Nairobi, yanataka mradi wa hewa ya ukaa unaotumia ardhi ya jamii uwe na mkataba na jamii hiyo, na angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia iende kwake. Ni sheria nzuri. Ila inamtambua mwenye ardhi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, inaitaja ardhi ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Kifungu cha 62 kinaiweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Mau uko katikati ya vifungu hivyo viwili, na mpaka hati itolewe, unasomwa kwa kifungu cha 62. Hapo mradi wowote utakaoanzishwa utafanya hesabu zake na serikali, na mrina asali hatakuwa na lake. Kadiri msitu unavyopanda thamani, ndivyo kuchelewa kwa hati kunavyozidi kuwagharimu.

Muda uliowekwa na Mahakama uliisha Juni 2024 bila hati kutolewa. Amri ile haihitaji ugunduzi wowote mpya. Inahitaji wapima ardhi wapelekwe Mau wakiandamana na wazee wa koo, watembee konoito kwa konoito kutoka vichakani hadi kwenye mianzi, mipaka iandikwe, na ripoti ya kikosi kazi itolewe hadharani ili kila Mkenya aisome. Wazee wanaoijua mipaka hiyo kwa majina ya mito na miti wanapungua kila mwaka, na serikali inayodai kuuhurumia msitu ingekuwa imeshawatafuta.