Ua na Maua Mwambaoni mwa Rumonge

Tufundishapo ngeli, hatukosi kutaja neno ua: ua la kunusa, wingi wake maua, na ua wa nyumba, wingi wake nyua. Warundi huuita huu wa pili urugo, nao humaanisha pia jamaa wakaao humo.

Rumonge ni mji wa Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, na Kiswahili husemwa humo. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia mwambao huo. Jeshi likalipiza kisasi nchini kote, na watu wengi mno wakauawa. Walionusurika walikimbilia Tanzania, wakapewa makao Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Nyua zao zikaingiwa na wengine.

Waliporejea kwa maelfu kuanzia mwaka 2008, wengi walikuta wageni wakivuna michikichi. Tume ya ardhi, iliyoundwa mwaka 2006, mara nyingi iliwataka wagawane kiwanja.

Hapo ndipo tuelewapo thamani ya bustani ya nyumbani. Ua mtupu, uliofagiliwa tu, huhamwa alfajiri bila majuto. Lakini apandaye mchaichai kando ya wigo, mpapai karibu na jiko, na mwembe wa kuwekea mkeka kivulini, amesadiki kwamba atakuwapo miaka ijayo kula tunda na kukaribisha jirani, hata yule waliyegawana naye mpaka.

Basi mwanafunzi akiuliza kama ua na ua ni neno moja, tumjibu: kwa ngeli, ni mawili, kwa aliyerudi nyumbani, hayaachani.