Binadamu na Nyoka wa Sumu katika Nchi ya Bungoma na Kitale: Masimulizi, Makumbusho na Tiba

1. Utangulizi

Wanahistoria walioandika juu ya magharibi ya Kenya wameshughulika sana na uhamaji wa makabila, vita vya mipaka, kuingia kwa wamisheni na unyakuzi wa ardhi. Mambo hayo yana uzito wake. Lakini mkulima wa Bungoma au wa Kitale, anaporudi shambani jioni, hakanyagi njia ya historia ya namna hiyo tu. Anakanyaga majani, na katika majani mna nyoka. Uhusiano wa watu wa nchi hii na nyoka wa sumu ni wa kale kuliko serikali yoyote iliyopata kuwatawala, nao umeacha alama katika hadithi zao, katika mila zao na hata katika majengo ya miji yao.

Makala haya yanakusudia kuufuata uhusiano huo katika nyakati tatu: wakati wa masimulizi ya Mango, mwuaji wa joka wa Babukusu, wakati wa walowezi na makumbusho ya Kitale, na wakati wa leo, ambapo jambo linalogombaniwa ni dawa. Hoja inayoshikiliwa ni moja. Katika nyakati zote hizo nyoka hakushindwa kwa ushujaa peke yake, bali kwa kujulikana tabia zake. Hata hivyo maarifa hayo yamewekwa katika maghala mbalimbali yasiyofunguliana milango, na hasara ya jambo hili huipata yule anayeumwa.

2. Mango na Joka la Mwiala

Babukusu, walio wengi katika Bungoma na wengi pia katika Trans Nzoia, wana masimulizi mashuhuri juu ya Mango, mtu wa ukoo wa Bakhurarwa. Inasimuliwa kwamba palikuwa na joka mmoja, Yabebe kwa jina, aliyekaa katika pango mahali paitwapo Mwiala. Joka huyo aliua watu na mifugo, na majirani wa Babukusu, ambao wao huwaita Barwa, yaani watu wa jamii ya Wakalenjin, nao waliteseka kwa ajili yake. Mango alipofikwa na msiba nyumbani kwake kwa sababu ya joka huyo, aliazimia kumwua. Alipofaulu, Barwa walimtukuza kwa kumpasha tohara, na hapo ndipo ilipoanza, au kwa maoni ya wengine ndipo ilipohuishwa, mila ya kutahiri wavulana miongoni mwa Babukusu.

Masimulizi haya, kama yalivyo masimulizi mengi, hayana sura moja. Wako wanaosema kwamba Mango alitahiriwa kwa kuwa alitaka kumwoa msichana wa Barwa, na joka hatajwi kabisa. Lakini simulizi ya joka ndiyo iliyoshika mizizi katika sherehe yenyewe. Tohara ya Babukusu hufanywa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, aghalabu mwezi wa Agosti. Mtahiriwa hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa matope, kisha akarudishwa nyumbani kwa wimbo uitwao sioyaye, ambao mapokeo huunasibisha na Mango. Kwa hiyo kila mvulana anayesimama uani bila kupepesa macho anasimama, kwa namna fulani, mbele ya pango la Mwiala.

Wasomaji wengi wa simulizi hii huishia kwenye ushujaa. Lakini inafaa kuangalia jinsi Mango alivyoshinda. Hakumwendea Yabebe uso kwa uso kondeni. Kwanza aliujua mwendo wake: saa ya kutoka pangoni kwenda kutafuta chakula, na saa ya kurudi. Kisha aliingia pangoni wakati mwenyewe hayupo, akajificha na silaha yake akimngoja. Joka alipoingiza kichwa mlangoni, akamkata. Huu ni ushindi wa mtu aliyepeleleza kwanza na kupigana baadaye. Bila ya upelelezi ule, ushujaa wa Mango ungaliongeza idadi ya waliokufa, basi.

Iko sehemu nyingine inayostahili kutazamwa kwa makini. Husimuliwa kwamba kichwa cha joka, kilipokwisha kukatwa, kiliruka kikauma mti, na majani ya mti ule yakanyauka. Msikilizaji wa mjini huweza kudhani kwamba hapa msimulizi anatia chumvi. Lakini wataalamu wa wanyama wanajua kwamba kichwa cha nyoka kilichokatwa kinaweza kuuma na kutia sumu kwa muda baada ya kutengwa na kiwiliwili, na watu wamepata kuumia kwa kukishika. Mti kunyauka ni mapambo ya sanaa. Onyo lililomo ni la kweli. Vivyo hivyo Yabebe mwenyewe si nyoka wa aina moja. Ukubwa wake ni wa chatu, ambaye hana sumu, na uuaji wake ni wa kifutu au koboko, ambao hawafikii ukubwa huo. Fasihi simulizi imeunganisha hatari mbili katika umbo moja ili mtoto azikumbuke zote.

3. Nyoka Asiyeuawa

Si kila mkutano na nyoka uliishia kwa upanga. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aliandika kwamba nyoka akipanda kitandani mwa mwanamke hakuuawa, kwa kuwa aliaminiwa kuwa ni roho ya mzee aliyekufa, amekuja kuleta habari kwamba mtoto atakayezaliwa atazaliwa salama. Alimwagiwa maziwa ili anywe.

Kwa mtazamo wa kisayansi nyoka hafuati maziwa, naye huingia nyumbani kufuata panya, joto au kivuli. Hata hivyo mila hiyo ilikuwa na faida ambayo haikutajwa. Watu wengi huumwa wanapojaribu kumwua au kumshika nyoka ambaye, lau angaliachiwa njia, angalikwenda zake. Mila iliyowaamuru watu wa nyumbani watulie na kungoja iliwakinga, ingawa sababu iliyotolewa ilikuwa ya imani. Kwa hiyo jamii mbili zilizopakana zilikuwa na mafunzo mawili yanayokamilishana: moja lilifundisha namna ya kumvizia nyoka anayeua, la pili namna ya kumwacha anayepita.

4. Mahindi, Panya na Makumbusho

Kuanzia miaka ya 1910, na hasa baada ya mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia ardhi askari wa Kizungu waliotoka vitani, uwanda wa Trans Nzoia uligeuzwa kuwa mashamba ya walowezi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Watu wengi wa Bungoma walikwenda huko kufanya kazi, wakiishi na jamaa zao katika vipande vya ardhi ya bwana shamba. Ndio waliofyeka nyasi, waliong'oa visiki na waliovuna mahindi kwa mikono, aghalabu miguu mitupu.

Kazi hiyo ilibadili pia maisha ya nyoka. Msitu ulipofyekwa, nyoka wa msituni walirudi nyuma. Lakini kifutu na swila hawategemei msitu. Penye mahindi pana ghala, penye ghala pana panya, na penye panya hao wawili hupata riziki. Kifutu ana desturi ya kutokimbia: hulala kimya juu ya njia akitegemea rangi yake ifananayo na majani makavu, na mtu asiyemwona humkanyaga. Swila huinuka akatema sumu akielekeza machoni. Hivyo shamba lililoonekana limesafishwa lilikuwa, kwa mvunaji, mahali pa hatari ya namna nyingine.

Katika mwaka ule ule wa 1926, mlowezi mmoja wa Kitale, Kanali Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake mwenyewe. Alikuwa mpenzi wa elimu ya viumbe, akakusanya wadudu, ndege na wanyama wengine kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wasia kwamba mkusanyo wake uwe mali ya taifa, pamoja na fedha za kujengea nyumba mpya. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1974, likawa makumbusho ya kwanza ya taifa katika sehemu za bara nje ya Nairobi. Leo mgeni huweza kuona humo nyoka hai wakifugwa, na katika uwanja wake nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa makabila ya jirani.

Kusini ya Bungoma, karibu na msitu wa Kakamega, iko Kaimosi, ambako Waquaker walianzisha misheni mwaka 1902. Mwaka 1936 Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka aliyekuwa amewahi kusimamia makumbusho ya Nairobi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza koboko wa msituni wa sehemu hiyo akampa jina la kisayansi lenye neno kaimosae. Kwa hiyo jina la kijiji cha Kenya limeingia katika vitabu vya dunia nzima kwa njia ya nyoka. Lakini maarifa hayo yaliandikwa kwa Kilatini na Kiingereza na kuwekwa ng'ambo. Mvunaji wa mahindi hakuyasikia.

5. Suala la Majina

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiswahili kina hazina ya majina ya nyoka: kifutu, bafe, moma, swila, fira, koboko, hongo, ukukwi, chatu. Sehemu kubwa ya majina haya ilikusanywa na watunga kamusi kutoka pwani na visiwani. Katika Trans Nzoia, Kiswahili kilifika kama lugha ya kazi na ya soko, kikiwakutanisha Mbukusu, Msabaot, Mnandi, Mturkana na wengineo. Lugha ya namna hiyo hubeba kwanza maneno ya mshahara na bei. Majina ya viumbe wa porini hubaki katika lugha za mama. Matokeo yake ni kwamba watu wengi husema tu "nyoka mweusi" au "nyoka wa kijani". Hata neno mamba, lililoingia katika lugha za Ulaya kutoka Kizulu kwa maana ya nyoka, huleta utata, maana Mswahili alisikiapo hufikiri kwanza mnyama wa mtoni.

Utata huu si wa wanaisimu peke yao. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Sumu ya koboko hulegeza misuli hata pumzi ikakatika. Mtu anayeweza kusema wazi alichokiona, bila ya kumfuata nyoka huyo ili amlete, humsaidia mganga kujua la kutazamia, ingawa mganga mwenyewe ataongozwa zaidi na dalili.

6. Tiba na Upungufu Wake

Dawa ya kweli ya sumu ya nyoka ilibuniwa katika miaka ya 1890, hasa kwa kazi ya Mfaransa Albert Calmette, na Afrika ya Kusini ikaanza kutengeneza ya kwake mwaka 1928. Karibu miaka mia baadaye dawa hiyo bado ni adimu vijijini. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza FAV-Afrique, iliyotumika dhidi ya nyoka wengi wa Afrika. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka.

Dawa inapokosekana, watu hushika walicho nacho: kamba ya kufungia mguu, wembe wa kuchanjia, au jiwe jeusi, ambalo ni mfupa wa mnyama uliochomwa, na ambalo lilienezwa kwa sehemu kubwa kupitia misheni za Kikatoliki. Uchunguzi umeonyesha kwamba jiwe hilo haliondoi sumu, na kwamba kamba na wembe huongeza madhara. Lakini haifai kumcheka mtu anayelitumia. Huona watu wakipona, kwa maana si kila mara nyoka anapouma hutia sumu, na hana njia ya kutofautisha. Linalofaa ni jepesi kulieleza: mgonjwa atulizwe, asitembezwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, pete na bangili zivuliwe, apelekwe hospitali upesi. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi.

7. Hitimisho

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii yaeleza hofu, na hofu ni mwanzo wa tahadhari, lakini si maarifa. Mango alivuka hofu kwa kujifunza saa za joka. Wanandi walivuka hofu kwa kujifunza kutulia. Wakusanyaji wa makumbusho walijifunza aina na majina, na waganga wakajifunza kazi ya sumu mwilini. Kila kundi lilipata sehemu ya ukweli, likaifungia katika lugha yake.

Kazi iliyobaki ni ya kuzifungua sehemu hizo, na kazi hiyo ni ya walimu wa lugha kama ilivyo ya waganga. Majina ya nyoka katika Kibukusu, Kisabaot na Kinandi yangefaa yakusanywe kwa wazee wangali hai, yalinganishwe na ya Kiswahili na ya kisayansi, na yafundishwe shuleni pamoja na mafunzo ya huduma ya kwanza. Mtoto wa Bungoma anayeimbiwa habari za Mango anastahili kujua pia kwamba nyoka aliyelala njiani kama jani kavu ndiye kifutu, na kwamba taa na viatu usiku ni silaha bora kuliko upanga. Akiyajua hayo, atakuwa ameielewa simulizi ya Mwiala kama ilivyokusudiwa: kwamba mwenye kumjua adui ndiye anayerudi nyumbani.