Polisi Anapokosa, Nani Huwajibika?

Bukoba iliufahamu utawala wa kigeni kwa sura ya askari. Emin Pasha alipoanzisha boma la Wajerumani mwaka 1890, mpaka kati ya jeshi na polisi haukuwapo: askari yuleyule alipigana vita, alikamata watu na kutekeleza adhabu ya viboko. Mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakauteka mji na kuharibu kituo cha simu ya upepo. Kisha wanajeshi wao wakapewa ruhusa ya kupora. Msomaji azingatie neno hilo, ruhusa. Uporaji wa Bukoba haukuwa uasi wa askari watukutu, kwani wakubwa waliuridhia.

Miaka minne baadaye, tarehe 25 Agosti 1919, utawala huo wa Kiingereza ukaanzisha rasmi polisi wa Tanganyika. Kwa maoni yangu, nidhamu waliyofunzwa ilitazama juu tu: saluti, sare, utii kwa ofisa. Raia hakuwa na nafasi ndani yake, na Uhuru haukuibadili hali hiyo kwa kiasi tulichotarajia.

Ushahidi uko ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1976, katika operesheni ya kukomesha mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi mikoani Mwanza na Shinyanga, polisi na maofisa usalama walikamata mamia ya watu. Wengi waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Mwanzoni mwa 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyeshughulikia usalama, naye akaondoka, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Mwinyi hakumpiga mtu yeyote. Alijiuzulu kwa sababu waliopiga walikuwa chini yake. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani.

Mwaka 1985, ambao Mwinyi aliingia Ikulu, Bunge lilitunga Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Sheria hiyo iliweka saa nne kuwa muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, muda unaoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Haki za msingi zilikwisha kuingizwa katika Katiba mwaka 1984, ikiwamo marufuku ya mateso. Kwa maandishi, basi, hatuna upungufu mkubwa.

Upungufu uko katika utekelezaji. Makosa ya kinidhamu ya askari husikilizwa na maofisa wa jeshi lilelile, chini ya Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi. Tuhuma zikiwa nzito, mara nyingi askari hushtakiwa kwanza ndani, hufukuzwa kazi, ndipo hupelekwa mahakama ya kiraia. Anapanda kizimbani akiitwa "aliyekuwa askari". Aliyemtuma, aliyesaini zamu yake na aliyefumbia macho malalamiko ya awali hawamo katika hati ya mashtaka. (Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaujua mtindo huo hata katika idara zisizo na bunduki.)

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya liwe chombo cha huduma. Katika mjadala huo mimi ningeanza na swali la mwaka 1977: mtu akifia mahabusu ya Bukoba au Muleba, ngazi ya juu kabisa inayopaswa kuondoka ni ipi?