Kutoka chogo hadi flati: TV ya baba mdogo wa Mgori

Wadau, wiki iliyopita baba mdogo alinipigia simu kutoka Mgori, kule kwetu Singida. Baada ya shikamoo na habari za mvua akaingia kwenye hoja. Ameuza alizeti, bei safari hii haikuwa mbaya, na mama mdogo ameshasema zamu hii hela haiishii yote kwenye mabati. Wanataka TV.

"Mwanangu, wewe uko Dar na ni mtu wa habari. Nichagulie flati skrini nzuri. Vijana wa hapa wananiambia nichukue inchi 43."

Nilitaka kumjibu palepale, lakini hela ya msimu mzima si ya kuchezea. Ukikosea, unasubiri mavuno mengine. Nikamwomba siku mbili. Katika siku hizo nikajikuta narudi kwenye historia, na huko ndiko nilikopata jibu.

Kwanza, kwa nini mtu aliyevuka miaka hamsini ndiyo kwanza ananunua TV? Wenzetu wa Kenya walianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962, Uganda 1963. Zanzibar ilianza 1973, tena ya rangi, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo Afrika kusini mwa Sahara. Huku Bara tukabaki na redio. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona TV ni anasa kwa nchi ambayo bado ilikuwa inahangaika na maji, shule na zahanati. Unaweza kubishana na uamuzi ule mpaka kesho, lakini ndio uliotufanya tukae bila kituo hata kimoja kwa zaidi ya miaka thelathini ya uhuru.

Mambo yalibadilika baada ya biashara kulegezwa miaka ya 1980 na vyama vingi kurudi mwaka 1992. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 ITV ya Reginald Mengi ikaanza kuonekana Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa, TVT, ambayo baadaye iliitwa TBC, ilikuja nyuma yake. Si jambo la kawaida hilo: mtu binafsi kuitangulia serikali.

Mgori wakati huo ilikuwa na shughuli nyingine. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa Mgori vilichukua jukumu la kuulinda wenyewe msitu ule wenye zaidi ya hekta 40,000, na ikawa moja ya mifano ya mwanzo ya wanakijiji kusimamia msitu hapa nchini. Nalitaja hili ili asije mtu wa mjini akadhani watu wa Mgori hawajui kuamua mambo yao. Kwenye TV ndiko walikoamuliwa na wengine: kwanza sera, halafu mawimbi, halafu umeme.

Umeme ndio ulionipa somo mimi mwenyewe. Tarehe 2 Julai 2010, Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia. Mechi ilianza saa tatu na nusu usiku kwa saa zetu. Tulijazana kwenye banda la video, watoto kwa wazee, mbele ya TV ya chogo ya inchi 21, jenereta ikinguruma nje. Dakika ya mwisho ya nyongeza Suárez akazuia mpira kwa mikono, Ghana wakapata penalti, Asamoah Gyan akagonga mwamba. Wakati timu zinajipanga kwa mikwaju ya penalti, petroli ikaisha. Giza. Tulimalizia kwa redio ya mzee mmoja, na kwenye redio hiyo ndiko Ghana walikotolewa.

Sasa tuje kwenye chogo na flati. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Wengi walidhani TV za chogo zimekufa siku ile. Hapana, ukiunganisha king'amuzi chogo linaonyesha kama kawaida. Kilicholiua ni kiwanda. Kufikia 2008, TV za LCD zilikuwa zimeshalipita chogo kwa mauzo duniani. Hata plasma, ambayo ilibuniwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1964 na kuuzwa kwa bei ya gari TV za kwanza zilipotoka, ilikufa. Panasonic walitangaza mwaka 2013 kwamba wanaacha kuitengeneza.

Iliyobaki madukani kwa wingi ni hii tunayoiita LED. Kwa kweli ni LCD ileile, ila nyuma ya kioo wameweka taa ndogo za LED. Taa hizo ziliwezekana baada ya Wajapani kufanikiwa kutengeneza LED ya bluu miaka ya mwanzo ya 1990, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel mwaka 2014. Sisi mjini tunaisifia kwa wembamba wake ukutani. Kwa nyumba ya baba mdogo, sifa yake ni kwamba inakula umeme kidogo.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umepeleka nguzo vijijini, lakini nyumba yake iko mbali na nguzo. Ana sola na betri moja ya volti 12, Ah 100. Betri hiyo inabeba wati-saa 1,200, na usipotaka kuiua mapema unatumia nusu tu, yaani 600. TV ya inchi 43, king'amuzi na inveta vinaweza kufika wati 100: saa sita, betri chali. TV ya inchi 24 inayotumia volti 12 moja kwa moja, pamoja na king'amuzi, ni kama wati 40: saa kumi na tano. Siku ya mawingu ndipo utaiona tofauti.

Basi nikampigia. Nikamwambia achukue inchi 24 ya volti 12, asome wati zilizoandikwa nyuma kabla ya kusoma inchi zilizoandikwa mbele, ahakikishe ina DVB-T2 ndani, iwashwe mbele yake dukani, na adai risiti na waranti.

Akakaa kimya. "Inchi 24? Mwanangu, majirani watanicheka. Chogo la bandani lilikaribia kuwa kubwa kama hiyo."

Hapo mama mdogo akachukua simu. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo ndogo, mpira ukienda mpaka penalti, tutaona mwisho?"

Nikamwambia mtaona mpaka mwisho, na marudio.

"Basi tunachukua hiyo," akasema. "Wanaotaka kucheka waje wacheke wakiwa wamekaa, wanaangalia."