Jongo na Jicho Lipenyalo Mwili

Ukisafiri kutoka Kericho kwenda Bomet, ewe msomaji, utapita kati ya mashamba ya chai yaliyoanza kupandwa kwa ajili ya biashara katika miaka ya 1920. Mchuma chai wa mkono huhitaji miguu yake kama ahitajivyo vidole, maana kutwa yuasimama mteremkoni. Basi fikiri hasara ya mtu aamkaye usiku, kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwaka moto, hata shuka ikikigusa asiweze kuvumilia. Maradhi hayo huitwa jongo.

Asili yake ni asidi ya uriki. Ikizidi katika damu, huganda ikawa fuwele kama sindano ndani ya kiungo. Mnamo mwaka 1848 mganga Mwingereza, Alfred Garrod, alionyesha wingi wa asidi hiyo katika damu ya wagonjwa wa jongo. Walakini kiungo chenyewe kilibaki kama sanduku lililofungwa.

Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg, Ujerumani, aligundua miali ya eksirei. Hata mwaka 1896 haujaisha, alama za jongo katika mifupa zilikuwa zimekwisha kuelezwa kwa picha hizo. Alama hizo ni mashimo yenye kingo zilizochongoka, kana kwamba mfupa umetafunwa na panya.

Lakini angalia jambo hili. Mashimo hayo hutokea baada ya miaka mingi ya maumivu. Mgonjwa ajaye mapema huweza kupigwa picha, na mifupa ikaonekana mizima. Akiambiwa kuwa hana ugonjwa, atarudi shambani, na ugonjwa utaendelea kutafuna. Kwa hiyo eksirei ni shahidi mkweli, ila huchelewa kufika.

Wataalamu wakatafuta mashahidi wa mapema. Mwaka 1961 Wamarekani McCarty na Hollander walichota maji ya kiungo, wakazitambua fuwele zenyewe kwa darubini yenye mwanga maalumu. Baadaye mawimbi ya sauti yalionyesha fuwele zikiwa mstari mweupe juu ya gegedu, yaani utando laini ufunikao ncha za mifupa. Ikaja na mashine ya skani itumiayo miali ya nguvu mbili, iwezayo kupambanua fuwele za uriki na chokaa ya mfupa. Mwaka 2015 vyama vya wataalamu wa Marekani na Ulaya viliziingiza picha hizo katika kanuni za kuutambua ugonjwa huu.

Hata hivyo, mashine bila umeme ni chuma tu. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ilianza kama zahanati mwaka 1937, na daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Mwaka 1987 maporomoko ya mto Nyangores yalianza kuipatia umeme. Maji yale yale yaendayo Mara yakawa nuru ya waganga.

Picha zina kazi ya pili. Mgonjwa anywaye alopurinoli, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1966, hupimwa damu ili uriki ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Na picha za baadaye huonyesha vinundu vya fuwele vikiyeyuka polepole. Fuwele huweza kuyeyuka, bali mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kwa urahisi. Ndiyo maana apatwaye na uvimbe wa ghafula usiku hapaswi kungoja mpaka mfupa wenyewe utoe ushahidi.