Wakunga wa Uswidi na Daftari za Wachungaji

Wengi wetu tumezoea kudhani ya kuwa nchi za Ulaya ziliokoa mama zao kwa sababu zilikuwa tajiri, zenye hospitali kubwa na madaktari tele. Habari za nchi ya Uswidi zaonyesha vingine, nami naona zafaa kusimuliwa.

Katika karne ya 18 Uswidi ilikuwa nchi ya wakulima maskini. Vijiji vyake vilitengwa na misitu mikubwa, na wakati wa baridi njia zilifunikwa na theluji. Madaktari walikuwa wachache mno, tena wengi wao walikaa mijini. Mwanamke aliposhikwa na uchungu aliitwa bibi mmoja wa jirani, ambaye elimu yake yote ilikuwa yale aliyoyaona kwa macho yake katika nyumba za wenzake. Mtoto alipokaa vizuri tumboni, bibi huyo alitosha. Alipokaa vibaya, hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Mtu wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa bidii alikuwa daktari Johan von Hoorn, aliyezaliwa mwaka wa 1662 na kujifunza kazi ya uzalishaji katika nchi za ugeni. Mwaka wa 1697 alitoa kitabu cha kuwafundisha wakunga kwa lugha yao wenyewe, wala si kwa Kilatini. Mwaka wa 1715 alitoa kingine, akakiita kwa majina ya Shifra na Pua, wale wazalisha wawili tuliowasoma katika mlango wa kwanza wa Kutoka, waliomcha Mungu wasitii amri ya Farao. Naam, alijua wasomaji wake: mwanamke wa Kiswidi ambaye hakuwahi kusikia jina la tabibu hata mmoja aliwajua Shifra na Pua tangu utoto. Kabla ya hapo, mwaka wa 1711, ilikwisha kutolewa amri kwamba wakunga wa mji wa Stockholm wafundishwe, wapimwe kwa mtihani mbele ya baraza la madaktari, na kula kiapo. Lakini amri hiyo ilikuwa ya mji mkuu tu, na walio wengi waliishi mashamba.

Sasa nafika penye kiini cha habari. Tangu mwaka wa 1686 sheria ya kanisa iliwaagiza wachungaji kuandika daftari za watu wa sharika zao, na tangu mwaka wa 1749 serikali ikawataka wajaze majedwali ya waliozaliwa na waliokufa, pamoja na sababu ya kila kifo. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa na hesabu ya namna hii kwa watu wake wote. Sisi walimu tunaijua taabu ya kujaza daftari, na jinsi mtu anavyojiuliza moyoni kama yuko atakayeisoma. Daftari hizo zilisomwa. Mwaka wa 1751 tume iliyoshika hesabu ilitangaza ya kuwa katika wanawake 651 waliokufa kwa uzazi, wasiopungua 400 wangaliweza kuokolewa kama wangalikuwapo wakunga wa kutosha. Twasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wakubwa wa Stockholm walikuwa wanaume. Hesabu ndiyo iliyowajulisha.

Basi mwaka wa 1757 ulikubaliwa mpango wa kufundisha wakunga kwa ajili ya nchi nzima, ili kila usharika uwe na wake. Mwaka wa 1775 ikafunguliwa nyumba ya uzazi huko Stockholm, ambamo wanafunzi walijifunza kwa kutenda. Hata watoto hawakusahauliwa: daktari Nils Rosén von Rosenstein alitoa mwaka wa 1764 kitabu chake mashuhuri cha maradhi ya watoto.

Ila kupanga ni kitu kimoja, na kulipa ni kitu kingine. Gharama za mwanafunzi na mshahara wa mkunga ziliangukia usharika, na sharika nyingi zilivuta miguu mwaka baada ya mwaka. Wazee waliona ni hasara kumlipa mtu kwa kazi ambayo bibi jirani aliifanya kwa chakula na shukrani. Wala wanawake wenyewe hawakumwamini mara moja mgeni aliyetoka mjini na cheti. Siwezi kuwalaumu sana. Bibi jirani ndiye aliyewazaa kwa mikono yake, wao na mama zao. Hivyo zaidi ya miaka 100 baada ya mpango ule, mwaka wa 1861, waliozalishwa nyumbani kwa mkono wa mkunga mwenye cheti walikuwa kama 40 tu katika kila 100. Mwisho wa karne ile walikaribia 80.

Jambo moja liliwatenga wakunga wa Uswidi na wenzao wengi wa Ulaya. Kwingineko madaktari walishika vyombo vya kuzalishia kuwa mali yao. Uswidi, kwa kuwa daktari aweza kuwa mbali mwendo wa siku nzima, sheria ya mwaka wa 1829 iliwaruhusu wakunga waliopata mafundisho ya ziada kutumia koleo na kulabu. Profesa Cederschiöld, aliyewafundisha huko Stockholm, aliwatetea. Kwa maoni yangu amri hiyo yapita nyingine zote kwa hekima, kwa maana iliuweka ujuzi pale mwenye shida alipo.

Adui mmoja alibaki, nayo ni homa ya uzazi, iliyoua wengi hata ndani ya zile nyumba za uzazi zilizojengwa kuwaokoa. Mwaka wa 1881 wakunga waliagizwa kunawa mikono na kusafisha vyombo kwa dawa ya kuua vijidudu, na vifo vya homa hiyo vikapungua upesi, hata katika nyumba za wakulima.

Mwaka wa 1751 walikufa kwa uzazi karibu wanawake 900 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kufikia mwaka wa 1900 walikuwa kama 230, na wanawake wengi walikuwa bado wanajifungulia nyumbani. Uingereza, nchi yenye mali nyingi kuliko Uswidi wakati ule, ilikuwa ikipoteza mama zaidi kwa kadiri ya watoto wake. Na Bunge lake lilipitisha sheria ya kuwafundisha na kuwaandikisha wakunga mwaka wa 1902, miaka 191 baada ya amri ile ya Stockholm.